Maswali ya wasomaji: umetoa begraundi, mbona boksi jeupe limerudi?

Safari hii barua zenu karibu zote zimekuja upande mmoja. Picha imetolewa begraundi vizuri, ikifika kwenye ukurasa inaleta matata, mara boksi jeupe, mara mstari mweupe pembeni, mara mchapaji anairudisha kazi yote. Basi toleo hili tumeliachia jambo hilo peke yake, maana ukiyasoma maswali kwa pamoja unaona yanazunguka sehemu ileile, pale picha inapoishia na ukurasa unapoanzia.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mi ndo kwanza nimeanza kutengeneza kijarida cha darasa letu. Nimekaa saa mbili nzima kwenye GIMP nafuta begraundi ya picha ya ua, nikaviona kabisa vile viboksi vya kijivu na vyeupe kama ubao wa drafti nikajua imekubali, nikatoa picha yangu, kuja kuiweka kwenye layauti (mpangilio wa ukurasa) boksi jeupe lipo palepale. Nimerudia mara tatu. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kukata umekata sawa, shida imeingia wakati wa kutoa faili. Nina uhakika umetoa JPEG, na JPEG tangu iwekwe kuwa fomati rasmi mwaka 1992 haina mahali pa kuandika kwamba pikseli hii (kile kidoti kimoja cha picha) haipo. Kila pikseli ndani yake lazima iwe na rangi, kwa hiyo programu ikikuta sehemu tupu inaijaza, mara nyingi kwa nyeupe. Ile drafti uliyoiona ni namna tu ya programu kukuonyesha kwamba hapa pako wazi, haimo kwenye picha.

Toa PNG. Hii ilikuja 1996, na kila pikseli mbali na namba zake tatu za rangi (nyekundu, kijani, bluu) inaweza kubeba namba ya nne inayoitwa alfa, kuanzia 0 mpaka 255. Sifuri ni wazi kabisa, 255 ni imejaa kabisa, na katikati hapo kuna ngazi zote za nusu wazi. Shika hilo la nusu wazi, tutalirudia chini maana ndo roho ya kazi hii. GIF iliyoitangulia iliweza kuwa na uwazi pia, ila pikseli ama ipo ama haipo, ndo maana picha zake za zamani zina kingo kama meno ya msumeno.

Kwenye GIMP ukibonyeza Save unapata XCF, hilo ni faili lako la kazi lenye leya zote (matabaka ya picha yaliyopangwa juu ya mwenzake), litunze. Cha kupeleka kwenye layauti unakipata kwa Export halafu unachagua PNG. Na usidhani kubadilisha jina la faili kutoka .jpg kuwa .png kunasaidia, ndani kinabaki kilekile.

Kuna wengine wameandika kwamba wakifuta kwa raba inatokea nyeupe badala ya drafti. Hao leya yao haina alfa. Bonyeza leya kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Add Alpha Channel, kisha futa upya. Na ukimtumia mwenzako PNG kwa WhatsApp itume kama dokumenti, ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa kuwa JPEG na kazi yako ya saa mbili imekwenda.

Swali: Habari fundi, nimepakua logo ya mdhamini wetu mtandaoni, imeandikwa kabisa PNG haina begraundi, na ina ile drafti. Nimeiweka kwenye bango nikaprinti na drafti imeprintiwa! Hii imekuwaje?

Jibu: Nzuri ndugu. Hiyo drafti imechorwa, ni rangi halisi kama rangi nyingine, mtu alipiga picha ya skrini au alitoa vibaya ikasambaa. Kuitambua ni rahisi: iweke juu ya ukurasa wa rangi yoyote, drafti ikibaki basi ni ya kuchora.

Usihangaike kuisafisha. Mwandikie mdhamini mwenyewe umwombe faili la vekta (picha ya mistari na maumbo, si ya pikseli), iwe SVG, PDF, AI au EPS. Logo ya vekta kwa kawaida haina begraundi ya kutoa, ni maumbo matupu yaliyokaa hewani, na unaikuza mpaka ukubwa wa ukuta bila kuvurugika. Kwa uzoefu wangu karibu kila taasisi inalo faili hilo sehemu fulani, shida huwa ni kumpata mtu anayejua liko kompyuta gani, kwa hiyo omba mapema. Likikosekana kabisa na logo ina rangi mbili tatu tu, iingize kwenye programu ya Inkscape utumie Trace Bitmap kuigeuza vekta, halafu uipitie herufi kwa herufi kwa jicho maana kona za herufi huwa zinaviringika zenyewe.

Swali: Kaka pole na kazi. Nina picha ya mgeni wetu rasmi, kapigwa mbele ya ukuta mweupe na nywele zake ni nyingi zimechanuliwa. Kava letu ni bluu iliyokolea. Nimemkata kwa ile fimbo ya uchawi (Magic Wand), mabegani kuna mstari mweupe kama amezungushiwa chaki na nywele zinaonekana zimekatwa kwa mkasi. Nikipunguza zaidi namla nywele, nikiacha mstari unabaki. Nisaidie tafadhali, kava linatoka juma lijalo.

Jibu: Asante sana, na hili swali ndilo nilikuwa nalisubiri.

Zumu picha yako mpaka uone pikseli moja moja pale bega linapokutana na ukuta. Hutaona koti linaisha na ukuta unaanza kwa mstari, utaona pikseli mbili tatu ambazo si koti wala si ukuta, ni mchanganyiko. Kwenye nywele ndo kabisa, unywele mmoja ni mwembamba kuliko pikseli, kwa hiyo pikseli moja ina unywele nusu na ukuta nusu na kamera imezichanganya ikaandika rangi moja. Sasa fimbo ya uchawi inauliza swali la ndiyo au hapana, pikseli hii ni begraundi au si begraundi? Ukijibu ndiyo umeondoa unywele, ukijibu hapana umebakiza ukuta. Ndo maana unazunguka hapohapo, na hata ukikaa wiki nzima na ile fimbo hutapata jibu la tatu kwa sababu halimo ndani yake.

Jibu la tatu ni nusu wazi, na linapatikana kwa maski. Kwa hiyo kwanza kabisa acha kufuta. Weka maski kwenye leya yako: palipo peupe kwenye maski picha inaonekana, palipo peusi inajificha, na kijivu kinaacha picha ionekane nusu. Ukikosea unapaka nyeupe na kilichojificha kinarudi, hakuna kilichopotea. Mtu akiniuliza kitu kimoja cha kubadilisha kwenye kazi zake nitamwambia hiki, aache raba ashike maski, maana nimeona watu wengi mno wanaanza upya kazi ya nusu siku kwa sababu ya sikio moja lililofutwa mwanzoni.

Halafu usiukate mwili mzima kwa njia moja. Mabega, koti, mikono, hivi vina kingo safi, vizungushie kwa kalamu ya njia (ile ya kuchora mstari wa kukatia), na ipitishe pikseli moja au mbili NDANI ya bega, sio juu ya mstari wenyewe. Hapo zile pikseli za mchanganyiko unaziacha nje zote. Ukishageuza njia kuwa seleksheni (eneo lililochaguliwa) ilainishe kidogo sana, nusu pikseli mpaka moja, zaidi ya hapo mtu anaonekana ametoka kwenye ukungu.

Nywele ziachie maski ya brashi. Kwenye Photoshop kuna Select and Mask yenye brashi ya kingo na sehemu ya Decontaminate Colors inayoondoa rangi ya ukuta iliyojipaka kwenye nywele. Kwenye GIMP mi napenda njia hii: chagua eneo la ukingo wa nywele tu, ule ukanda ambao nywele na ukuta vimechanganyika, halafu tumia Color to Alpha ukiichagulia rangi ya ule ukuta. Inachofanya ni kuutoa weupe ndani ya kila pikseli na kuubadilisha kuwa uwazi, kwa hiyo pikseli yenye unywele nusu inabaki unywele nusu wazi. Ila naomba unisikie vizuri, ukiitumia kwenye picha nzima itatoboa na meno na shati jeupe na mng'ao wa paji la uso, mgeni rasmi atatokea na kava linaonekana kupitia usoni kwake. Ukanda wa nywele tu.

Na kabla hujaanza chochote kati ya hivyo, weka leya chini yake yenye bluu ileile ya kava. Watu wengi wanakata huku wanatazama drafti, na drafti ni ya kijivu na nyeupe, kwa hiyo mstari mweupe unajificha humo mpaka siku ya kuprinti. Kata huku unaangalia rangi utakayoitumia. Nami kwa kawaida naongeza leya nyeusi na leya nyekundu kali nazibadilisha badilisha, kosa ambalo bluu imelificha nyekundu inalitoa.

Zile nywele mojamoja zilizoruka mbali kabisa usizililie, zifiche. Hakuna msomaji atakayezihesabu, ila mstari mweupe kila mtu atauona hata kama hajui anachokiona.

Siku nyingine mkipiga picha ambayo mnajua itakatwa, msimamisheni mtu mbali na ukuta na mtafute ukuta unaokaribiana na weusi au weupe wa kava lenyewe. Ukuta wa kijivu cha katikati unasamehe makosa mengi.

Swali: Hizi tovuti zinazotoa begraundi zenyewe kwa sekunde mbili, si tuzitumie tu?

Jibu: Zitumieni, siku hizi zinafanya vizuri. Cheki ukubwa tu. Nyingi zikikupa cha bure zinakupa picha iliyopunguzwa, kwenye simu inapendeza, kwenye karatasi haifai. Picha itakayochapwa kwa upana wa sentimita 10 kwa pikseli 300 kwa inchi inahitaji pikseli 1181 kwenda upande huo, ukipewa yenye pikseli 500 ujue inatosha sentimita 4 na kidogo. Na picha za vitambulisho au nyaraka za watu usizipandishe kwenye tovuti usiyoijua, hizo kata kwenye kompyuta yako.

Swali: Habari mhariri, mkurugenzi wetu amesaini kwenye karatasi nyeupe nikaiskani, nataka saini ikae juu ya ukurasa wa krimu kwenye barua ya utangulizi. Nimejaribu kukata inakatika katika, wino ni mwembamba sana.

Jibu: Njema kabisa. Hapa usikate kitu! Saini, mchoro wa penseli, muhuri, mwandiko, chochote cheusi juu ya karatasi nyeupe hakihitaji kukatwa. Kwenye layauti yenyewe chagua picha uibadilishe namna ya kuchanganyika iwe Multiply. Neno lenyewe ni kuzidisha na ndo inachofanya: nyeupe inahesabiwa kama 1, nyeusi kama 0, rangi ya chini inazidishwa na rangi ya juu. Krimu mara moja inabaki krimu, krimu mara sifuri inakuwa nyeusi. Karatasi inatoweka na wino unabaki na ulaini wake wote, hata pale kalamu ilipopita kwa wepesi.

Kinachowaangusha watu ni karatasi. Karatasi iliyoskaniwa karibu kila mara haiwi nyeupe kamili, ina ukijivu kidogo, na ukizidisha krimu kwa 0.95 unapata boksi hafifu lenye uchafu kuzunguka saini, kwenye skrini huwezi hata kuliona ila kwenye chapa lipo. Kwa hiyo kwanza fungua Levels, sogeza kile kishale cha upande mweupe mpaka karatasi ifike 255 kabisa, hakikisha kwa kile kidoneshi cha rangi kwenye kona zote nne, ndo upeleke.

Njia ya pili ni ya zamani na bado naiheshimu. Geuza skani iwe ya biti moja, yaani nyeusi na nyeupe tupu bila kijivu, kwa pikseli 1200 kwa inchi, iseivu TIFF. Programu za layauti kama InDesign na QuarkXPress zinauchukulia weupe wa faili la namna hiyo kuwa wazi, na unaweza kuipa saini rangi ya bluu kutoka kwenye rangi zako za ukurasa. Chini ya 600 usishuke, kingo zitaonyesha ngazi.

Ila kama ukurasa wako ni mweusi au wa rangi iliyokolea Multiply haikusaidii, wino mweusi utazama. Hapo rudi kwenye maski.

Swali: Salaam mzee wetu. Nimemaliza jarida la kurasa 32, PNG zimekaa safi, nimetoa PDF, kiwanda kimenirudishia kinasema kazi ina transparensi na picha ni RGB. Halafu kwenye PDF waliyonitumia kuna vistari vyeupe vyembamba vimekatiza picha na baadhi ya maneno yamenenepa. Nifanyeje, na je kosa ni langu?

Jibu: Salaam, na pole. Ni mambo manne yamegongana, tuyatenganishe.

La RGB wana haki. PNG ina rangi za skrini tu (ndiyo hiyo RGB), haina CMYK, yaani rangi za wino nne za mchapaji, hata kidogo. InDesign inaweza kuzigeuza wakati wa kutoa PDF na mara nyingi kwa picha za kawaida inatosha, lakini maandishi meusi ndani ya PNG yatageuka kuwa mchanganyiko wa wino zote nne na yakisogea kidogo kwenye mashine yanaonekana maradufu. Kwa kazi ya chapa mi natumia PSD (faili la Photoshop) au TIFF, zote zinabeba uwazi na CMYK, InDesign inazisoma, na PSD ukiirekebisha unaifungua ileile yenye maski yake.

La transparensi, yaani uwazi, linategemea PDF gani wameomba. Uwazi uliingia rasmi kwenye PDF toleo 1.4 mwaka 2001. PDF/X-1a (aina ya PDF ya kupeleka kiwandani) iliyotoka mwaka huohuo inaukataza kabisa, lazima kila kilicho wazi kipigwe pasi kiungane na kilicho chini yake. PDF/X-4 iliyokuja 2008 inauruhusu ukae hivyohivyo na mashine ya kiwanda inaumaliza yenyewe mwishoni. Kwa hiyo waulize kiwanda waziwazi, mnapokea X-4? Wakisema ndiyo toa X-4 na nusu ya matatizo yako yanaisha hapo. Scribus, nayo programu ya layauti, matoleo ya 1.6 inaitoa pia. Wakisema hapana, toa X-1a kutoka InDesign wewe mwenyewe uikague, usiwaachie wao wapige pasi usiyoiona.

Vistari vyeupe ndo alama ya hiyo pasi. Programu inaukata ukurasa vipande vipande na kuvipanga upya, na skrini inapolainisha kingo za vipande inaacha ufa. Zumu mpaka asilimia 800: kistari kikibaki uwembamba uleule ni cha skrini tu, kwenye karatasi hakitatokea. Kikinenepa kadiri unavyozumu ni cha kweli, rudi urekebishe.

Maneno kunenepa ni kosa ambalo wengi hatukufundishwa. Herufi zikiwa chini ya kitu chenye uwazi, tuseme kivuli cha picha kimepita juu ya ncha ya safu ya maandishi, pasi inazigeuza maumbo au pikseli, na hizo mbili tatu zilizoguswa zinatoka nene kuliko jirani zake. Tengeneza leya ya juu kabisa kwenye layauti, maandishi yote yakae humo, picha zibaki chini. Kurasa 32 itakuchukua muda lakini ukishaifanya mara moja iweke kwenye templeti yako.

Swali: Naomba kujua, kuna mpiga picha ametuletea JPEG za viatu, anasema begraundi imeshatolewa. Nikifungua naona begraundi ipo. Ametudanganya?

Jibu: Hapana dada, usimgombeze. Mwanzoni nilisema JPEG haiwezi kuwa wazi na ni kweli, lakini inaweza kubeba njia ya kukatia iliyochorwa Photoshop na kuseiviwa pamoja na picha. Ukiiweka InDesign nenda Object, kisha Clipping Path, kisha Options, chagua Photoshop Path, kiatu kitabaki peke yake. Ni kama fremu yenye umbo la kiatu. Hata maandishi ukitaka yazunguke kiatu kwa umbo lake, Text Wrap inaweza kuifuata njia hiyohiyo.

Kwa viatu, chupa, sahani, vitu vyenye kingo ngumu, naipenda kuliko PNG, faili ni dogo na ukingo ni mkali kwa sababu ni vekta, na hakuna transparensi ya kumsumbua mchapaji. Kwa manyoya na nywele haifai, njia haina nusu.

Kimoja tu kitakusumbua, viatu vitaonekana vinaelea. Kile kivuli chembamba kilichokuwa chini ya soli kimekatwa pamoja na begraundi. Usiongeze kile kivuli cha kudondoka cha upande wa kulia ambacho kila programu inakupa, kiatu hakijabandikwa ukutani, kimesimama. Mwombe mpiga picha faili lenye kivuli halisi kwenye leya yake, akiwa nacho kiweke chini ya kiatu kwa Multiply. Asipokuwa nacho chora umbo la yai jembamba chini ya soli, lipake nyeusi, lilainishe sana, lishushe mpaka asilimia 30 hivi, na liwe jeusi zaidi pale soli inapogusa chini kuliko pale kisigino kinapoinuka.